KOMBE: SUMU YA MISHALE ILIYOKUWA DAWA YA MOYO

I. Katekista na chungu chake

Miaka michache iliyopita tulikuwa katika safari ya vijiji, upande wa kaskazini ya Kamina. Tulifika kwa katekista mmoja mzee, mtu wa kazi na wa sala, ambaye alikuwa akifundisha wakatekumeni tangu sisi hatujazaliwa bado. Siku ile hakutoka kutupokea njiani kama desturi yake. Tulimkuta ameketi chini ya mwembe, mkono juu ya kifua.

— Baba, kuna nini?

— Padri, kifua kinanibana. Nikipanda kile kilima na baiskeli, ni kama mtu amenikalia hapa. Nikipumzika, kinaniachilia. Lakini usihangaike. Nganga amenipa mizizi, ninakunywa asubuhi na jioni. Sasa ninapona.

Mke wake alituonyesha chungu cha dawa karibu na moto. Alisema kwamba tangu mume wake alipoanza kunywa, siku nne zimepita bila maumivu. Majirani nao walikubali: dawa ile ina nguvu.

Na sisi tulifanya nini? Tulinyamaza. Tulijua kwamba zamani wamisionari wengine walidharau kila kitu kilichotoka mkononi mwa nganga, wakakiita uchawi bila kuuliza, nasi hatukutaka kuwafuata katika kosa lile. Tena mzee mwenyewe alikuwa na furaha. Tulisoma Misa, tukampa baraka, tukaenda zetu. Majuma matatu baadaye tulipata habari kwamba alianguka na baiskeli yake kwenye kilima kile kile, akafa kabla ya kufika dispanseri.

Hatusemi kwamba mizizi ile ilimwua. Wala hatusemi kwamba lopitali ingemwokoa bila shaka. Tunasema tu kwamba hatukumwuliza neno lolote, kwa sababu hatukujua neno la kuuliza. Kudharau bila kuuliza ni kosa. Kukubali bila kuuliza ni kosa vilevile. Tangu siku ile tumejiuliza: mtu anajuaje kwamba mti fulani unaponya kifua kweli? Katika kutafuta jibu tulikuta historia moja ambayo haikuanza Ulaya, bali huku kwetu Afrika, mikononi mwa wawindaji. Ndiyo historia ya kombe. Tunaileta hapa mbele ya wenzetu mapadri, waseminari na makatekista, maana ndani yake mna fundisho kwa kazi yetu.

II. Wawindaji wa mto Shire

Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ilimtuma David Livingstone kuchunguza mto Zambezi. Pamoja naye alikuwa John Kirk, mzaliwa wa Uskoti, daktari na mjuzi wa mimea. Wengi wanamjua Kirk kwa kazi yake ya nyuma huko Unguja, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wa Uingereza wakati Sultani Barghash alipokubali kufunga soko la watumwa, mwaka 1873. Lakini habari yetu ni ya kabla ya pale.

Katika bonde la mto Shire, katika nchi inayoitwa leo Malawi, wasafiri hao waliona wawindaji wakipaka mishale yao sumu moja kali. Wenyeji waliiita kombe. Inatoka katika mmea unaopanda juu ya miti mingine kama kamba. Matunda yake ni marefu na membamba, mawili mawili, na ndani yake mna mbegu zenye nywele laini zinazochukuliwa na upepo. Wawindaji walisaga mbegu, wakazichanganya na utomvu ili zishike, wakazipaka nyuma ya ncha ya mshale. Wajuzi wa mimea waliupa mmea ule jina la Strophanthus kombe. Ndugu zake wengi wa jamii ya Strophanthus wanaota pia katika Kongo yetu, hata huku Katanga.

Tuangalie vizuri elimu ya wawindaji wale, maana si elimu ndogo. Kwanza, walijua mmea gani kati ya mimea elfu ya porini. Pili, walijua sehemu gani ya mmea, na namna ya kuitengeneza. Tatu, walijua jambo la kushangaza: nyama ya mnyama aliyeuawa na kombe inaweza kuliwa. Walikata tu nyama iliyo karibu na kidonda, wakaitupa, na iliyobaki wakaila bila kudhurika. Sumu iliyoua nyati kwa njia ya damu haikuua watu kwa njia ya tumbo. Tunawaomba wasomaji waliweke jambo hili la tatu katika fikira zao, kwa sababu tutalirudia.

Kirk alichukua kombe kidogo, akaitia mfukoni, pahali pamoja na mswaki wake. Siku moja alipokuwa akisafisha meno, alisikia uchungu mkali mdomoni. Alishika mkono wake mwenyewe akahesabu mapigo, akaona kwamba yamepungua. Alielewa kwamba sumu hii inagusa moyo.

Mtu mwingine angeutupa mswaki na kusahau habari yake. Mwingine tena angetangaza mara moja kwamba amepata dawa. Kirk hakufanya hivi wala vile. Aliandika alichokiona, akapeleka mimea na mbegu kwao ili wengine wachunguze. Kila historia ya dawa ya kweli ina mtu wa namna hii, aliyeona jambo dogo akakubali kwamba ni mwanzo tu.

III. Swali jipya kwa sumu ya zamani

Aliyechunguza alikuwa Thomas Fraser, profesa katika mji wa Edinburgh. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuchunguza sumu nyingine ya Afrika, yaani kunde ya Calabar, ambayo watu wa upande wa Nigeria waliitumia kwa kiapo. Wazee wetu nao walijua viapo vya namna hii, na katika nchi nyingi za Afrika ya kati sumu ile iliitwa mwavi. Mshitakiwa alikunywa. Akitapika, hana kosa. Akifa, ndiye mchawi.

Tufikiri kidogo. Kiapo nacho kilikuwa namna ya kutafuta ushuhuda. Watu walitaka kujua kweli, wakaiuliza sumu. Lakini waliiuliza jambo ambalo haikuweza kujibu. Sumu haijui kosa la mtu. Inajua tu kipimo, na tumbo, na damu. Fraser alichukua kitu kile kile, akabadilisha swali. Hakuuliza «nani ni mchawi?» Aliuliza «kitu hiki kinafanya nini katika mwili, na kwa kipimo gani?» Hapo sumu ilianza kujibu.

Kwa kombe alifanya vilevile. Alipima mioyo ya vyura, akaona kwamba kombe inauongezea moyo nguvu ya kujikaza. Ikizidi, moyo unakazana mpaka unasimama, haulegei tena. Alitoa katika mbegu kitu chenyewe chenye nguvu, akakiita strofantini. Miaka ilipita, na mwaka 1885, katika mkutano wa madaktari wa Uingereza mjini Cardiff, alieleza alivyotumia dawa hii kwa wagonjwa ambao mioyo yao ilichoka. Tunawajua wagonjwa hawa: kifua kizito, pumzi fupi, miguu imevimba, usiku hawawezi kulala chali. Kwa dawa ile mapigo yalitulia, mkojo ulitoka zaidi, pumzi ikarudi.

Basi wazungu wa madawa wakaanza kununua mbegu. Mbegu za kombe zilitoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, zikauzwa Ulaya. Kitu kilichoua nyati katika bonde la Shire kiliingia katika chupa za famasi za London.

Wengine watasema: lakini Ulaya kila kitu kinatoka kwa maprofesa. Si kweli. Dawa ya moyo iliyojulikana pale kabla ya kombe ilitoka kijijini pia. Mwaka 1775 daktari William Withering aliulizwa mawazo yake juu ya dawa ya siri ya mama mzee mmoja wa jimbo la Shropshire, aliyeponya watu waliovimba mwili baada ya madaktari kushindwa. Dawa ile ilikuwa na majani ya namna ishirini au zaidi. Withering alitambua kwamba nguvu imo katika jani moja tu, la ua linaloitwa dijitali. Alilitumia miaka kumi, na mwaka 1785 alitoa kitabu chenye habari za wagonjwa wake. Tunapenda hasa jambo moja katika kitabu kile: aliandika hata wale ambao dawa haikuwafaa. Alisema wazi kwamba kuchagua waliopona tu kungekuwa rahisi na kungeipa dawa sifa, lakini kungekuwa kinyume cha kweli.

Wapenzi wasomaji, tuulize vijijini mwetu: nani anahesabu wale ambao dawa haikuwafaa? Aliyepona anaimba habari yake sokoni. Aliyekufa amekwisha kuzikwa, hana sauti. Hii ndiyo sababu ya kwanza kwa nini sifa ya dawa, hata ikiwa kubwa namna gani, si ushuhuda wa kutosha.

IV. Njia ya tumbo na njia ya damu

Furaha ya mwaka 1885 haikudumu. Waganga wa lopitali walilalamika. Mgonjwa mmoja alikunywa matone ya kombe akapata nafuu. Mwingine alikunywa matone yale yale, hakuona kitu. Wa tatu alipata kutapika. Kwa nini? Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, wauzaji walichanganya mbegu za namna nyingi za Strophanthus, na nguvu zao si sawa. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi: tumbo linapokea strofantini kidogo sana, tena leo kidogo, kesho zaidi. Munganga hakuweza kujua kiasi gani kimefika moyoni.

Mwaka 1906, mjini Strasbourg, daktari Albert Fraenkel alipiga strofantini kwa shindano ndani ya mshipa wa damu. Katika dakika chache tu watu waliokuwa wakipigania pumzi waliona nafuu. Lakini kipimo kilikuwa kidogo mno, karibu na nusu ya miligrami, na kuzidisha kidogo kuliweza kuua. Nafasi kati ya dawa na sumu ilikuwa nyembamba kama makali ya kisu.

Sasa turudie nyama ya wawindaji. Wao walijua tangu zamani kwamba kombe ina nguvu katika damu kuliko katika tumbo. Ndiyo maana waliila nyama ile. Waliochukua mbegu zao hawakuchukua elimu yao yote. Wangepima maana ya jambo lile la tatu, labda wangeelewa mapema kwa nini matone yalidanganya. Ndiyo sababu tunasema kwamba kuheshimu elimu ya wazee si kusifu mti tu. Ni kusikiliza yote wanayosema juu yake, pamoja na mipaka yake. Lakini mtu asielewe vibaya: hatusemi kwamba kula kombe si hatari. Kirk aliiguswa mdomoni tu, na moyo wake ukasikia.

Siku za leo strofantini imeachwa karibu pahali pote. Nafasi yake imechukuliwa na digoksini, iliyotolewa mwaka 1930 katika ndugu mmoja wa dijitali. Hata hii nayo ilipimwa tena. Mwaka 1997 madaktari walitangaza jaribio la wagonjwa 6.800 wenye moyo uliochoka, nusu wakipewa digoksini, nusu wakipewa kidonge kisicho na kitu. Waliona nini? Walioipata digoksini hawakuishi zaidi kuliko wengine, lakini walirudi lopitali mara chache zaidi. Tangu kitabu cha Withering ilikuwa imepita miaka 212. Elimu ya kweli haioni haya kusema: dawa yetu inafaa kwa jambo hili, na kwa jambo lile haifai.

Mwaka ule ule wa 1997, Jens Skou wa Denmark alipata tuzo ya Nobel. Huyu alionyesha kwamba katika kila seli ya mwili kuna kitu kama pampu, kinachotoa sodiumu na kuingiza potasiumu. Alisaidiwa na uabaini, dada wa strofantini, aliyejulikana kwanza kutoka sumu ya mishale ya Wasomali: uabaini inaizuia pampu ile. Ndivyo ilivyojulikana kwa nini sumu za mishale zinakaza moyo. Pampu ikizuiliwa kidogo, moyo unapata nguvu. Ikizuiliwa sana, unakufa.

V. Maumivu yanayokuja na kwenda

Mpaka hapa tumesema juu ya moyo uliochoka. Lakini katekista wetu alikuwa na taabu nyingine: kifua kilichobanwa alipopanda kilima, na kulegea alipopumzika. Waganga wa lopitali wanaijua vizuri alama hii. Moyo wenyewe unalishwa na mishipa yake. Mishipa ile ikipungua upana, moyo unaofanya kazi kubwa unakosa damu, nao unalia kwa maumivu. Mtu akipumzika, moyo unahitaji damu kidogo, na maumivu yanakwisha.

Mtaona sasa shida ya ushuhuda. Mzee wetu alikunywa mizizi siku nne, akakosa maumivu siku nne. Lakini siku zile nne alikaa chini ya mwembe, hakupanda kilima. Hata maji matupu yangepata sifa ile ile. Katika masomo ya Logika tulijifunza kosa linaloitwa kwa Kilatini post hoc, ergo propter hoc, yaani: jambo hili limekuja nyuma ya lile, basi lile ndilo lililolileta. Tulipata alama nzuri siku ya mtihani. Lakini mbele ya chungu cha dawa tulisahau somo letu.

Tusifikiri kwamba kosa hili ni la watu wa kijiji peke yao. Miaka ile ya 1950 madaktari wa Marekani walikuwa na namna ya kupasua watu wenye maumivu haya: walifunga mshipa mmoja wa kifua, wakisema damu itageukia moyoni. Wagonjwa walifurahi sana. Mwaka 1959 Leonard Cobb na wenzake mjini Seattle walitoa habari ya wagonjwa 17. Wengine walifungwa mshipa kweli; wengine walikatwa ngozi tu, na mshipa haukuguswa. Wote wawili, waliofungwa na wasiofungwa, walipata nafuu sawasawa. Kupasua kule kukaachwa. Kumbe profesa mwenye kisu na nganga mwenye chungu wanaweza kudanganywa na kifua kile kile, kwa namna ile ile.

Ugomvi juu ya strofantini ulifika hapa pia. Huko Ujerumani daktari Berthold Kern wa mji wa Stuttgart alifundisha miaka mingi kwamba strofantini ya kunywa inaondoa maumivu ya moyo na kuzuia moyo usipigwe na ugonjwa wa ghafula. Alikuwa na wagonjwa wengi na sifa nyingi. Mwezi wa Novemba 1971 alikutana na maprofesa mjini Heidelberg, mbele ya watu wa magazeti. Maprofesa walimkatalia. Wafuasi wa Kern walisema walimhukumu kwa ukali, na huenda maneno ya siku ile yalikosa upole. Lakini swali lilibaki: wako wapi wagonjwa waliogawanywa katika makundi mawili, kundi moja likipewa dawa na jingine likipewa kitu kisicho dawa, kwa idadi ya kutosha? Hawakuonyeshwa. Mashahidi elfu waliopona hawajazi nafasi hii, maana hatujui kama wangepona bila dawa. Hata leo wako watu wanaoisifu strofantini ya kunywa kwa maumivu ya kifua. Ushuhuda wa nguvu bado haujapatikana.

VI. Mti mwingine, mwisho mwingine

Ili mtu asifikiri kwamba kila mti unashindwa mbele ya jaribio, tutaje mmoja uliofika mbali. Misri kuna mmea unaoitwa khella. Tangu zamani watu walikunywa maji ya mbegu zake kwa maumivu ya mawe ya figo. Kisha mwaka 1945, au karibu nao, mjini Cairo, Gleb von Anrep, profesa aliyezaliwa Urusi, aliona kwamba fundi mmoja wa kazi yake, aliyekuwa na maumivu ya moyo, ameyapoteza baada ya kunywa khella kwa ajili ya figo. Anrep alichunguza, na mwaka 1946 yeye na wenzake walitoa maandiko yao: kitu kinachoitwa khelini kinapanua mishipa ya moyo.

Lakini khelini ilileta kichefuchefu. Hapo watu wa laboratwari ya Labaz, huko Ubeleji, wakaanza kutengeneza vitu vinavyofanana nayo, na katika miaka ya 1961 na 1962 wakapata amiodaroni. Kwanza iliuzwa kwa maumivu ya kifua. Baadaye ilionekana kwamba kazi yake kubwa ni nyingine, yaani kutuliza moyo unaopiga bila mpango, na kwa kazi hii inatumika mpaka leo. Mbegu ya Misri ilifika katika lopitali za dunia nzima, lakini haikufika kwa sifa. Ilifika kwa sababu kila hatua mtu aliuliza: je, ni kweli? Na alipojibiwa «si hivyo, ni vingine», alikubali.

VII. Mafundisho kwa kazi yetu

Huku kwetu kwa Baluba neno bwanga lina maana pana: ni dawa inayoponya, ni pia kitu chenye nguvu ya kulinda au kudhuru. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefika Katanga mwaka 1933, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Wabantu kwamba kwa wazee wetu kila kitu kilichopo ni nguvu, na dawa nayo ni nguvu inayosaidia nguvu ya mtu. Watu wamebishana sana juu ya kitabu kile. Sisi tunasema tu hivi: anayeuliza «mti huu una nguvu gani?» hakuuliza neno la upumbavu. Kirk na Fraser waliuliza neno lile lile. Ila waliongeza la pili: «tutajuaje?»

Miaka ya karibuni watafiti wa Katanga wamezunguka hata humu Kamina kuwauliza wanganga majina ya miti na magonjwa inayotibu. Kazi yao ni nzuri, maana mzee akifa bila kuulizwa, elimu yake inazikwa pamoja naye. Lakini tuelewe vema: orodha ya miti ni kama mfuko wa Kirk wenye mswaki. Ni mwanzo wa ushuhuda. Si ushuhuda wenyewe.

Padri na katekista hawana laboratwari. Lakini wana masikio, na wana imani ya watu. Kwa hiyo tunapendekeza tukumbuke mambo manne.

La kwanza: kifua ni nyumba yenye wakaaji wengi. Kikohozi kinachopita majuma mawili, pamoja na kukonda au jasho la usiku, kinataka makohozi yapimwe kwa ajili ya kifua kikuu. Homa pamoja na pumzi za haraka inaweza kuwa ugonjwa wa mapafu, na kwa mtoto hakuna wakati wa kupoteza. Maumivu yanayobana wakati wa kazi na kulegea wakati wa kupumzika ni ya moyo mpaka munganga aseme sivyo. Na yakibana bila kulegea, yakienda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho la baridi, mgonjwa apelekwe saa ile ile, asitembee kwa miguu wala asiendeshe baiskeli. Mzizi mmoja hauwezi kuponya wakaaji hawa wote.

La pili: kupungua kwa maumivu si kupona. Tuulize: siku zile za nafuu ulifanya kazi gani? Ulipanda kilima?

La tatu: mgonjwa anayekwenda lopitali achukue na mzizi wake au jani lake, amwonyeshe munganga bila haya. Kati ya miti yetu iko inayogusa moyo kama kombe. Munganga akiongeza digoksini juu yake bila kujua, dawa mbili zitakuwa sumu moja. Mgonjwa anayeogopa kuchekwa ataficha. Basi sisi tuondoe woga ule, katika mahubiri na katika mazungumzo.

La nne: tusimfanye nganga kuwa adui, wala tusimfanye kuwa nabii. Mwana wa Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini, na mtu mwenye akili hazidharau. Katika sura ile ile anamwambia mgonjwa asali, tena ampe munganga nafasi yake. Hakutenga sala na dawa, wala dawa na mwenye elimu ya kuipima. Mti ni kiumbe cha Mungu, na akili inayoupima ni kiumbe chake pia.

Mwanzoni tulisema kwamba hatukujua neno la kuuliza. Sasa tunalijua, na si neno gumu. Ni maneno machache ambayo katekista yeyote anaweza kuyasema chini ya mwembe: «Baba, maumivu yanakuja saa gani? Yanakwisha namna gani? Mzizi wako tuuchukue. Kesho tutakwenda pamoja kwa munganga.» Kilima kile kipo bado, na vijiji vyetu vina makatekista wengi wazee wanaokipanda na baiskeli. Tusingoje habari nyingine.